Programu za DOS Hazijafa, Zimefungiwa Mlango

Maofisini na kwenye maduka ya kompyuta kuna imani iliyoota mizizi: programu huzeeka kama gari. Kwa hiyo anayehangaika kuendesha programu ya DOS, mfumo endeshi wa zamani, kwenye kompyuta ya leo huonekana mtu aliyekosa kazi, anayelilia ujana wake. Imani hiyo haina kichwa wala miguu. Gari huliwa na kutu. Programu hailiwi na chochote. Iliyoandikwa mwaka 1987, mradi imenakiliwa vizuri, inajumlisha leo vilevile ilivyojumlisha siku ile.

Kilichobadilika ni mwenyeji. Prosesa ikifanya kazi katika hali ya biti 64 haina tena ile njia ambayo Windows za zamani ziliitumia kupitisha programu za DOS, na Windows za biti 64 hazikuwekewa sehemu ya kuzipokea. Ukibofya faili, unaambiwa haliwezi kuendeshwa kwenye kompyuta hii. Watu husoma ujumbe huo kama cheti cha kifo, kumbe ni bawabu tu aliyekataa kufungua geti.

Waliotafuta mlango wa uani ni hao hao wanaochekwa. Mwaka 1994 Jim Hall, mwanafunzi wa fizikia huko Wisconsin, Marekani, aliona Microsoft inaitupa mkono DOS, akaanzisha mradi wa kutengeneza nyingine ya bure; ndiyo FreeDOS, na mwaka 2022 ilikuwa bado inatoa toleo jipya. DOSBox, iliyotoka mwaka 2002, huigiza kompyuta nzima ya enzi zile, hadi kadi yake ya sauti.

Je, njia hizi ni za michezo ya kompyuta tu? Mwandishi George R.R. Martin alisema kwenye televisheni mwaka 2014 kwamba huandika kwa programu ya kuandikia ya WordStar 4.0, kwenye kompyuta ya DOS isiyounganishwa na intaneti. (Kuchelewa kwa kitabu cha sita cha mfululizo wake wa riwaya tusiisingizie WordStar.) Mwenzake wa Kanada, Robert J. Sawyer, mwaka 2024 aliifungasha WordStar 7 pamoja na vitabu vyake vya maelekezo na programu za kuigizia DOS, akaigawa bure.

Wapinzani wana hoja moja ya kusikilizwa, nayo ni usalama. DOS haina ulinzi: programu yoyote inaweza kugusa kona yoyote ya kumbukumbu. Kuiunganisha na mtandao wa ofisi ni kujitakia balaa. Lakini wakitaka mfano wa hatari ya mitambo ya zamani hukimbilia San Francisco, ambako mfumo wa kuongoza treni za Muni, shirika la usafiri la jiji, chini ya barabara ya Market Street, uliowekwa mwaka 1998, ulikuwa ukitegemea disketi. Mwaka 2024 jiji liliidhinisha mkataba wa dola milioni 212 na Hitachi ili kuubadilisha. Wasomeapo habari hiyo husahau kilichowatia wakubwa wa treni hofu: disketi, ambazo data zake hufifia mwaka hadi mwaka. Hapo kilichochakaa ni kifaa, na tiba ya kwanza ya ugonjwa huo ni kunakili mapema, kazi ambayo wapenzi wa DOS huifanya usiku bila kulipwa.

Anayedhani kwamba inatosha kutunza faili na kuitupa programu ajaribu barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa WordStar ya zamani. Katika kupanga mistari, WordStar iliitia alama herufi ya mwisho ya karibu kila neno kwa kuwasha biti yake ya nane. Yenyewe iliielewa alama hiyo. Programu za leo huiona kama herufi nyingine. Na maneno ya Kiswahili, karibu yote, huishia na irabu. Basi “Habari ya asubuhi” hutokea “Habaré yá asubuhé”, “kitabu” huwa “kitabõ”, na ukurasa mzima unakuwa kama umeandikwa na mtu mwenye mafua.

Mpenzi wa DOS haumizwi kichwa na ukurasa huo. Anafungua DOSBox, anaandika herufi mbili, ws, anabonyeza Enter na kuichagua barua. Kwenye kioo cheusi irabu zimerudi mahali pake, na tarehe iliyo juu ya salamu inasomeka.