Konokono: Chakula cha Wengine, Hukumu ya Kwetu



Mvua za masika zinyeshapo huku Junda, konokono wakubwa hujitokeza migombani na kwenye kuta za nyumba. Asili yao ni pwani hii ya Afrika Mashariki, na kutoka huku wamepelekwa hadi Bara Hindi na Marekani, ambako wamekuwa adui wa mkulima. Kwetu hufagiwa wakatupwa. Lakini sasa wako akina mama wanaotuuliza: twasikia konokono ana soko katika hoteli kubwa, je, yafaa tumfuge na kumuuza?

Swali ni jema, kwani riziki hutafutwa. Ni kweli kuwa konokono ni chakula cha heshima kwa watu wengi. Wafaransa humpika kwa siagi na kitunguu saumu. Ghana na Nigeria humtia katika mchuzi, naye si kitoweo cha bei rahisi. Hata Moroko, nchi ya Kiislamu, wachuuzi wa uwanja wa Jamaa el-Fna mjini Marrakech huuza supu yake yenye viungo kwa bakuli.

Vipi ndugu zetu hao wamle? Wao hufuata madhehebu ya Imam Malik. Katika Al-Mudawwana imepokewa kuwa aliulizwa juu ya konokono, naye akamfanyia hukumu ya nzige: aliyeshikwa hai kisha akachemshwa au kuchomwa, hapana ubaya, aliyekutwa amekufa, haliwi. Sisi wengi wa pwani hii twafuata madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo humhesabu konokono wa nchi kavu pamoja na wadudu na vitambaavyo ardhini, wasioliwa. Maimamu wote wawili walikuwa bahari ya elimu, na Imam Shafi'i mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa Imam Malik.

Basi mwanao akienda kusoma Moroko akawaona wenziwe wakinywa supu hiyo, asiwacheke wala asiwatoe katika dini. Na jirani asiyekuwa Mwislamu akimla, chakula chake kisifanywe mzaha mbele ya watoto. Kujizuia na chakula ni ibada. Kumdharau mlaji si ibada.

Ama biashara, lisihukumiwe kwa faida pekee. Wanazuoni wetu wameshurutisha kuwa kiuzwacho kiwe na manufaa yanayokubaliwa na sharia. Kwa hivyo, kabla chama cha akina mama hakijatoa hata shilingi moja ya akiba, na kimwendee sheikh anayeaminika, kimweleze biashara yote: nani atauziwa, na kwa matumizi gani. Tena sheria ya Kenya yataka kibali cha KWS kwa mfugaji wa konokono. Anayewahimiza mtoe pesa bila ya kuyataja mawili haya, mtahadharini naye.

Jambo la mwisho ni la nyumbani. Konokono aweza kubeba vijinyoo vyenye kumdhuru mwanadamu. Ndiyo maana walaji wake humpika akaiva sawasawa. Watoto wanaowachezea uani waoshwe mikono kwa sabuni, na mboga za bustanini zisafishwe vyema kabla ya kuliwa.

Mwenyezi Mungu aturuzuku halali, na atupe ndimi zenye adabu. Wallahu a'alam.