Kura ya Mwenyekiti na Saa ya Kufunga Baa

TAREHE 27 Novemba, 2024, wananchi wa mitaa ya Kongowe, Kibaha, kama wenzao wa Tanzania Bara nzima, walikwenda vituoni kuwachagua wenyeviti wao wa mitaa na wajumbe wa kamati. Siku ya pili yake aliyekuwa Waziri wa TAMISEMI, Ndugu Mohamed Mchengerwa, aliyatangaza matokeo mjini Dodoma. Chama Cha Mapinduzi kilikuwa kimetwaa zaidi ya asilimia 98 ya mitaa na zaidi ya asilimia 99 ya vijiji. Vyama vya upinzani vilisema kwamba wagombea wao wengi walikuwa wameenguliwa kabla ya siku ya kura. Serikali ikasema kanuni zimefuatwa.

Mabishano hayo yamekwisha kuandikwa sana na hatukusudii kuyarudia yote. Tutasema neno moja tu. Pale ambapo ushindani ni mdogo siku ya kura, mwananchi hana budi kuwa mkali zaidi baada ya kura, maana mwenyekiti aliyepita bila jasho hakulazimika kumwahidi mtu jambo lo lote.

Na Kongowe kuna jambo ambalo mwenyekiti angepaswa kuahidi. Tunaizungumzia Kongowe ya Kibaha, iliyoko kando ya Barabara ya Morogoro. Msomaji asiichanganye na ile ya Temeke. Hii ni njia ya malori yaendayo Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, na mahali malori yanaposimama hapakosi nyama choma, na penye nyama choma hapakosi bia. Hatulaumu. Dereva aliyetoka mbali ana haki ya kupumzika, na mama anayemwuzia chakula ana watoto wa kusomesha. Lakini mji umepanuka. Viwanja vilivyokuwa mashamba ya mihogo na mikorosho vimejengwa nyumba za watu waliohama Dar es Salaam wakitafuta nafasi na utulivu, na baa nayo imewafuata huko huko ndani. Katika miji yetu ya namna hii, grosari hufunguliwa ukuta kwa ukuta na chumba cha mwanafunzi, vipaza sauti hutazamishwa barabarani, na mtoto anayetumwa chumvi usiku hupita katikati ya viti vya wanywaji.

Je, nani huamua kwamba baa iwe pale na si pengine? Msingi wa mambo haya ni Sheria ya Vileo, Na. 28 ya mwaka 1968, iliyoweka utaratibu wa leseni na saa za kuuza. Leseni hutolewa na mamlaka ya ngazi ya wilaya au mji. Ni kweli kwamba fomu ya mwombaji hupitia kwa viongozi wa mtaa na kata ili watoe maoni yao. Lakini maoni ya viongozi si kura ya wakazi, na mara nyingi mkazi hupata habari kwamba jirani yake ameomba leseni siku anapoona meza zinashushwa. Ada inakwenda halmashauri. Kelele zinabaki mtaani.

Lipo jambo moja katika sheria zetu ambalo tunaona halijapata kuzungumzwa kiasi cha kutosha. Serikali za mitaa, zilizokuwa zimevunjwa mwaka 1972 wakati wa Madaraka Mikoani, zilipewa msingi mpya kwa sheria mbili za mwaka 1982: Na. 7 kwa wilaya na vijiji, na Na. 8 kwa miji. Kwa sheria ile ya kwanza, halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, ikaipeleka halmashauri ya wilaya kwa idhini. Kijiji kikitaka vilabu vya pombe vifunguliwe baada ya saa za kazi za shamba, kinaweza kuandika hivyo na kuwatoza faini wanaokaidi. Mtaa wa mjini hauna uwezo huo. Una mwenyekiti, una kamati, una mkutano mkuu wa wakazi, lakini kazi yake zaidi ni kushauri. Kwa hiyo kijiji kinapomezwa na mji na kugeuka mtaa, wakazi hupata tumaini la lami na taa za barabarani, na wakati huo huo hupoteza kalamu waliyokuwa nayo, bila ya kuulizwa na pengine bila hata ya kujua. Yaani sehemu ile ambayo baa zinaongezeka kwa kasi kuliko zote ndiyo ambayo wakazi wake wana neno dogo kuliko wote.

Nchi nyingine zilikwisha kulikabili swali hili kwa karatasi ya kura. Huko Scotland, sheria ya mwaka 1913, iliyoanza kupigiwa kura mwaka 1920, iliwapa wakazi wa sehemu ndogo ndogo uchaguzi wa mambo matatu: leseni zibaki kama zilivyo, zipunguzwe kwa robo, au zifutwe kabisa, na ili zifutwe, zilihitajika kura zisizopungua asilimia 55. Mji mdogo wa Kirkintilloch ulichagua kufuta, ukakaa bila baa tangu mwanzo wa miaka ya 1920 hadi mwisho wa miaka ya 1960. Marekani nako, baada ya marufuku ya taifa zima kuondolewa mwaka 1933, majimbo mengi yaliziachia wilaya zao kuamua. Ndiyo maana Lynchburg, huko Tennessee, inatengeneza wiski ya Jack Daniel's inayouzwa duniani kote, ilhali wilaya yake imehesabiwa kwa miaka mingi miongoni mwa zile zinazokataza vileo. Karibu zaidi na sisi, sheria ya Kenya ya mwaka 2010 iliagiza kwamba baa isiwe ndani ya mita 300 za shule, tena ikampa mkazi nafasi ya kupinga maombi ya leseni kabla hayajakubaliwa.

Hatuombi Kongowe iige Kirkintilloch. Tukifunga baa zote za Kongowe, mnywaji atakwenda Visiga au Kwa Mfipa, na asiye na nauli atajificha nyuma ya nyumba anywe gongo, ambayo imekatazwa kwa sheria tangu mwaka 1966 na bado inapikwa. Tumeona pia mambo ya viroba. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi, 2017, na sisi tuliiunga mkono hatua ile, maana kiroba kilikuwa kikiingia hata mifukoni mwa wanafunzi. Lakini vikafuata vichupa vidogo, na kazi ikabaki pale pale. Amri ya kutoka juu ina nguvu mchana; usiku inahitaji macho ya majirani waliokubaliana.

Watakuwapo watakaosema kwamba kuwauliza wakazi ni kuwapa nafasi wacha Mungu wawaamulie wanywaji, au wenye nyumba wawaonee wauzaji, ambao wengi ni wanawake wenye mtaji mdogo. Hoja hiyo ina uzito. Ndiyo sababu tunaona swali lisiwe pombe au hapana pombe. Liwe ni wapi, na mpaka saa ngapi, na sauti kiasi gani. Mama muuza bia hapotezi riziki yake kwa kuambiwa aelekeze spika ukutani na kufunga saa ya sheria. Anayepoteza ni yule mwenye baa kubwa aliyezoea kukesha, naye mara nyingi hata haishi mtaa ule.

Katika uchaguzi ule wa 2024, mgombea aliyebaki peke yake alipigiwa kura ya Ndiyo au Hapana. Wananchi waliielewa karatasi ile bila semina. Kwa nini basi wasiulizwe vivyo hivyo kuhusu baa inayotaka kufunguliwa dirishani mwao? Hakuna sheria mpya inayohitajika ili kuanza. Mkutano mkuu wa mtaa upo, na leseni ya vileo si ya kudumu. Huombwa upya muda wake unapokwisha. Mwenyekiti anaweza kulitia jambo hili katika ajenda, mikono ikahesabiwa, muhtasari ukaandikwa na kuambatishwa kwenye fomu ya mwombaji. Halmashauri nayo ikiamua kinyume cha wakazi, ieleze sababu kwa maandishi, na karatasi hiyo ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa.

Wenyeviti wa Kongowe wana kipindi cha miaka mitano kilichoanza Novemba ile. Tungependa kujua ni mikutano mingapi ya wakazi wamekwisha kuitisha mpaka leo, na kama katika ajenda zake lilikuwamo lo lote linalohusu baa.