Bunduki, Waya na Halali ya Nyama ya Porini

Mjadala wa kuwinda wanyama wa porini ni moto wa makumbi. Ukidhani umezimika, kumbe unakula chini kwa chini. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na biashara ya ngozi na pembe ikafuatia mwaka 1978. Wenzetu wa Tanzania huuruhusu kwa leseni. Tofauti hiyo ilichomoza waziwazi baina ya Septemba 2023 na miezi ya mwanzo ya 2024, pale ndovu madume wenye pembe kubwa walipopigwa risasi na wawindaji wenye leseni huko Enduimet, upande wa Tanzania, karibu na mbuga yetu ya Amboseli. Ndovu hajui mpaka. Leo yuko kwetu, kesho yuko kwao. Upande huu kilisikika kilio, upande ule ikasemwa kwamba sheria imefuatwa.

Wasemaji wamegawanyika mapande mawili. Wa kwanza husema mnyama asiyeleta fedha hana wa kumlinda. Afadhali mgeni alipe, apige mmoja, na fedha hizo ziwalinde mia. Wa pili husema mnyama hai huleta watalii wa kamera mwaka hata mwaka, na aliyekufa huleta fedha mara moja tu. Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Lakini ukitazama sana, pande zote mbili zahesabu shilingi. Sisi tuliolelewa kuuliza kwanza kama jambo ni halali tuna swali letu, nalo halijapewa nafasi katika mjadala huu.

Dini haikukataza kuwinda. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 4 imehalalisha windo la mnyama aliyefunzwa, na aya ya 96 imehalalisha mavuvi ya bahari, huku ikimkataza windo la bara aliye katika ihramu. Lakini aya ya 3 ya Sura hiyo hiyo imeorodhesha visivyoliwa, na miongoni mwake ni mnyama aliyekufa kwa kunyongwa na aliyekufa kwa kipigo. Katika hadithi ya Adi bin Hatim, Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya fimbo ya kuwindia, akabainisha kwamba iliyochoma kwa ncha windo lake huliwa, na iliyogonga kwa ubavu windo lake haliliwi. Kwa hiyo kuua tu hakutoshi. Namna ya kuua ndiyo hukumu.

Hapo ndipo bunduki inapoingia. Neno lenyewe lina kisa. Limetoka katika Kiarabu, ambako kwa asili lilikuwa jina la tunda gumu la mviringo, kisha likawa jina la kidonge cha udongo kilichorushwa kuulia ndege. Wanavyuoni walikiharimisha kilichouawa kwa kidonge hicho, kwa kuwa kinaponda wala hakichomi. Baruti ilipokuja, silaha mpya ikarithi jina lile, na mabishano yakarithiwa pamoja na jina. Wako walioifananisha risasi na kidonge cha udongo. Wako walioihalalisha, kama Imamu Shawkani wa Yemeni, aliyefariki mwaka 1834, kwa hoja kwamba risasi hupenya. Usalama, ambao wote wameukubali, ni kumwahi mnyama angali hai na kumchinja. Ndiyo sababu msasi Mwislamu akishapiga hukimbia na kisu mkononi.

Msasi wa zamani alikuwa na gobori. Baruti na marisau vilishindiliwa kutoka mdomoni mwa mtutu, na baada ya mlio mmoja ilibidi aanze upya. Silaha hiyo ilimlazimisha msasi kusogea karibu na kungoja. Bunduki za risasi za kisasa ziliondoa masharti hayo, lakini si kwa kila mtu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki mpya kuingizwa sehemu kubwa ya Afrika, kisha serikali za kikoloni zikaweka leseni ambazo Mwafrika wa kawaida hakuweza kuzipata. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit. Wawili hao waliua wanyama 512, na mapokezi yao yalikuwa ya kifalme. Mwenyeji aliyeua swala mmoja kwa kitoweo aliitwa mwizi.

Waliolipa zaidi ni Waata, ambao wengine huwaita Wasanye au Waliangulu. Walikuwa mabingwa wa kuwinda ndovu kwa upinde mzito na mshale wa sumu. Mbuga ya Tsavo ilipotengwa mwaka 1948, malisho yao ya jana yakawa kosa la leo, na katika msako wa miaka ya 1956 na 1957 wengi walitiwa gerezani. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana ili wawinde kihalali, lakini haukudumu.

Marufuku ya 1977 nayo haikuzima milio. Ilimwondoa mwindaji wa leseni, na porini akaingia jangili mwenye bunduki ya rasharasha. Kufikia mwaka 1989 ndovu wa Kenya walikadiriwa kuwa 16,000 tu. Ni baada ya biashara ya pembe kuzuiwa duniani mwaka huo, na ulinzi kutiwa nguvu, ndipo walipoanza kuongezeka. Hesabu ya mwaka 2021 ilipata 36,280.

Leo hatari ya mnyama mdogo si bunduki. Ni waya. Katika vichaka vya kuzunguka Tsavo na msitu wa Arabuko-Sokoke hutegwa paa, funo na digidigi. Waya haulii kama bunduki, hauhitaji leseni, na humshika yeyote apitaye, awe dume, awe mwenye mimba. Mnyama hujinyonga mwenyewe akipapatika, na mtegaji akija asubuhi hukuta mzoga. Nyama yake hukatwa vipande, na ikishakatwa si rahisi kuijua na ya mbuzi. Sheria ya mwaka 2013 imefanya kuwinda na kuuza nyama hiyo kuwa kosa. Lakini hata kama sheria ingenyamaza, mnyama aliyenyongwa na waya akafa bila kuchinjwa ni nyamafu, na bei rahisi haimtoi katika hukumu hiyo.

Basi tuwarudie wanaotaka bunduki zirudi. Bunduki kubwa za safari, kama ile ya .375 iliyotolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, zilibuniwa kuangusha ndovu, simba na nyati. Katika madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na wengi wetu, simba, chui na ndovu hawaliwi. Katika hao wakubwa, nyati ndiye kitoweo. Mgeni anayelipa ili apeleke kichwa ukutani kwake hakuwinda kwa haja. Mtume (S.A.W.) alionya juu ya kuua hata ndege mdogo pasipo faida, sembuse ndovu aliyeishi miaka hamsini?

Hata hivyo, si haki kumwambia mkulima wa kando ya Tsavo apende ndovu aliyemla mahindi yake. Sheria ya 2013 imeweka fidia, hadi shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa na mnyama, lakini malipo hucheleweshwa, na njaa haingoji. Fidia ikilipwa kwa wakati, na wenyeji wakipata fungu la kweli katika mapato ya mbuga, mtegaji wa waya atakuwa amepunguziwa sababu moja kubwa.

Sababu ya pili iko mikononi mwetu sisi wanunuzi. Mtegaji hutega kwa kuwa yupo anayenunua. Nyama ikiletwa mlangoni jioni kwa nusu ya bei ya sokoni, pana maswali matatu ya kumwuliza muuzaji: ni mnyama gani, amechinjwa wapi, na nani amemchinja? Asiyeweza kujibu hana kitoweo cha kutuuzia.