Acheni Kulaumu Mtandao

Jameni, nimechoka kuwasikia waundaji programu wa hapa kwetu wakisema "mtandao ulipotea" kana kwamba ni msiba ulioshuka kutoka mbinguni. Mtandao hukatika! Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika siku moja, na Kenya na Tanzania zikatambaa. Anayegawa kazi kwa tarakilishi za mbali bila kulitarajia hilo hajamaliza kuandika programu yake.

Kosa la kwanza ni kuamini kwamba seva itajua. Itajuaje? Stima ikipotea ghafla upande wa pili, hakuna anayeaga. Muunganisho wa TCP hubaki ukionekana hai. Linux ina njia ya kubisha hodi kwenye muunganisho ulionyamaza, lakini hata ukiiwasha, kwa mipangilio yake ya kawaida husubiri sekunde 7,200, yaani saa 2 nzima, kabla ya hodi ya kwanza. Kisha hubisha mara 9, kila baada ya sekunde 75. Muda wote huo kazi yako imekaliwa na maiti.

Dawa ni hii: usimpe mfanyakazi kazi, mwazime. Muda ukiisha bila jibu, kazi irudi kwenye foleni. Amazon SQS hufanya hivyo, na muda wake wa kawaida ni sekunde 30. Kazi ikiwa ndefu, mfanyakazi aombe kuongezewa muda.

Wengi huishia hapo, na hilo ndilo kosa la pili. Huenda kazi ilifanywa, ila jibu likapotea njiani. Seva haiwezi kutofautisha. Mradi wa SETI@home, ulioanza mwaka 1999, ulituma kipande kimoja kwa zaidi ya tarakilishi moja bila madhara, kwa sababu hesabu ikirudiwa haimuumizi mtu. Mshahara je? Ukirudiwa, pesa za mwajiri zimekwenda. Usipotumwa, kuna watoto wanalala njaa.

Kwa hivyo kila malipo yawe na nambari yake, isiyobadilika hata kazi ikirudiwa mara kumi, na anayelipa akatae nambari aliyokwisha kuilipa.

Kabla ya kumkabidhi mteja programu yako, chomoa waya wa mtandao katikati ya kazi. Ukiogopa kuuchomoa, basi jibu unalo tayari. Anayepinga na aje na hoja.