Beringi za mbele zisingoje kupiga kelele

Mwenye pikapu ya kushusha mboga kutoka Lushoto hadi Mombo huwa hakosi kuangalia oili na upepo wa matairi. Beringi za magurudumu ya mbele husahauliwa mpaka zinapoanza kuunguruma, na hapo huwa zimekwisha kuharibika. Mteremko ule huchosha breki. Joto lake huingia kwenye habu na kuyeyusha grisi.

Kuzikagua hakuhitaji mashine. Gari likiwa tambarare, magurudumu ya nyuma yakiwa yamezuiwa kwa mawe, la mbele linyanyuliwe kwa jeki na kuwekewa stendi. Gurudumu lishikwe juu na chini, litikiswe, kisha lizungushwe. Likicheza, mtu akanyage breki: mchezo ukitoweka, beringi ndiyo yenye kasoro, ukibaki, fundi atazame boljointi.

Kwa habu za kufunguka, beringi ioshwe kwa mafuta ya taa, ikaushwe, ishindiliwe grisi mpya katikati ya rola, na sili na kotapini zibadilishwe. Mafundi wengine hupachika grisi mpya juu ya ile chafu, jambo ambalo ni kumwibia mteja. Wengine hukaza nati kwa nguvu zote, na beringi huungua. Habu zilizofungwa kiwandani hubadilishwa nzima.

Wenye magari hulalamikia bei ya beringi halisi, na wana haki. Lakini gurudumu likichomoka pale kwenye kona, juu ya matenga ya nyanya mara nyingi kuna watu wamekaa.