Barafu Haimpunji Mgeni

Jumamosi moja nilialikwa kwa rafiki yangu Mbezi, Dar es Salaam. Ni mtu mkarimu. Alinimiminia jini karibu nusu glasi, akadondosha vipande viwili vya barafu, akajazia toniki iliyokuwa kabatini tangu mchana. Nilipoomba barafu zaidi, alikataa kwa upendo: “Kaka, itazimuka bure. Sitaki kukupunja.” Baada ya dakika kumi barafu ilikuwa imekwisha, gesi imetoka, na nilichoshika mkononi kilikuwa uvuguvugu mkali unaochoma koo.

Imani ya kwamba barafu nyingi huharibu kinywaji imetapakaa majumbani na kwenye baa. Naijua ilikotoka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi tumekua tukiamini kwamba tone lolote la maji ndani ya pombe ni wizi. Kwa tembo, sawa. Kwa jini, imani hiyo ni kosa, na inaharibu chupa nyingi nzuri.

Tuanze na hesabu. Chukua mililita 200 za jini na toniki zenye joto la nyuzi 28, joto la kawaida la sebule ya pwani. Tia vipande viwili vya barafu vya gramu 20 kila kimoja. Vyote viwili vitayeyuka, utakuwa umeongeza gramu 40 za maji, na kinywaji bado hakitashuka chini ya nyuzi 8 hivi. Kuanzia hapo kitapanda joto tu. Sasa poza toniki kwenye friji, kisha jaza glasi barafu hadi mdomoni. Barafu ya friza huwa na baridi ya nyuzi 18 hivi chini ya sifuri, kwa hiyo hufyonza joto jingi kabla haijaanza kuyeyuka. Kinywaji hufika karibu na sifuri, na barafu inayogeuka maji ni kidogo mno. Anayebania barafu kwa kuogopa maji ndiye anayekunywa maji mengi zaidi.

Gesi nayo hufuata baridi. Kila aliyewahi kufungua soda iliyokaa juani anajua ilivyomwagika. Toniki ya moto hupoteza gesi palepale inapomiminwa, na kinachobaki ni utamu na uchungu wa kwinini usio na uhai.

Wapo wanaosema barafu ni hila ya baa ya kujaza glasi. Lakini jini hupimwa kwa toti kabla haijagusa glasi. Barafu iwe moja au kumi, toti ni ileile. Kinachopungua ni nafasi ya toniki, na toniki yako imebaki kwenye chupa hapo mezani.

Tena maji yenyewe si adui. Kokteli ya martini haina soda wala juisi, ni jini na mvinyo wa vermouth tu, lakini fundi wa baa huikoroga na barafu kwa nusu dakika makusudi ili iingie maji. Kokteli iliyokorogwa au kutikiswa vizuri huwa na maji takriban robo yake. Maji hayo hutuliza ukali wa pombe, na ndipo unapoyasikia matunda ya junipa, giligilani na maganda ya limau. Ukiinyima maji, pombe hupanda puani na kuziba harufu nyingine zote.

Kuhusu chupa, soma lebo kabla ya bei. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka jini isipungue asilimia 37.5 ya pombe na ladha ya junipa itawale. Yenye asilimia 40 au zaidi hustahimili toniki vizuri zaidi. Maneno London Dry hayataji mji ilikotoka, yanataja namna ya kutengeneza: ladha hutiwa wakati wa kukeneka, na sukari karibu hakuna. Usidharau za kwetu pia. Uganda Waragi ni jina linalojulikana kanda nzima, na Nairobi hutengenezwa Procera kwa matunda ya mtarakwa, junipa ya milima yetu. Ila nunua dukani, chupa iliyofungwa. Pombe ya vichochoroni inaweza kuwa na methanoli, na methanoli hupofusha na kuua.

Ukishapata jini yako, pima. Mililita 50 za jini, 150 za toniki baridi, glasi iliyojaa barafu, kipande cha ndimu. Ukitaka kokteli ya gimlet, tia jini 50, maji ya ndimu mbichi 20 na shira 20 kwenye chupa ya jamu yenye kifuniko, jaza barafu, tikisa kwa sekunde 15 hadi chupa iume vidole, kisha chuja. Ndimu zinauzwa kila genge. Hakuna sababu ya kutumia juisi ya kopo.

Barafu yenyewe itengeneze kwa maji ya kunywa, kwenye trei yenye kifuniko. Iliyolala wazi jirani na samaki hubeba harufu ya samaki, na hakuna jini itakayoificha.

Mwisho, mgeni wako ataondoka usiku, pengine akiendesha gari. Nusu glasi ya jini haimheshimu. Kipimo kimoja, kilichopoa vizuri, kinachonyweka polepole, ndicho kinachomheshimu. Kwa hiyo kama una wageni Jumamosi, usikimbilie duka la pombe kwanza. Ijumaa usiku, jaza trei zote za barafu.