Elfu Mia Moja na Tatu ni Ngapi?

Namba 100.003 ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Tena ndiyo ndogo kuliko namba tasa zote zenye tarakimu sita. 100.000 ni shufwa, 100.002 pia, na 100.001 ni 11 mara 9.091. Kuhakikisha hakuhitaji mashine: igawanye kwa namba tasa 65, kuanzia 2 hadi 313, na kila mara kutabaki kitu. Hakuna haja ya kuendelea, kwa sababu 317 mara 317 inapita 100.003.

Sasa tuiandike kwa maneno. Wengi wetu tutaandika "elfu mia moja na tatu". Hapo ndipo penye shida, na ni shida ya Kitivo chetu, si ya wanahesabu.

Katika Kiswahili jina hutangulia idadi yake. "Vitabu mia moja na tatu" ni vitabu 103. Kwa sarufi hiyohiyo, "elfu mia moja na tatu" ni elfu 103, yaani 103.000. Lakini "elfu moja na tatu" sote twaisoma 1.003, kwa mazoea hayo, maneno yetu ni 100.003. Na anayepumzika baada ya "elfu" atasikia 1.103. Maneno matano, namba tatu! Ya kwanza ni shufwa yenye vigawo 32. Mbili zilizobaki ni tasa. Mwalimu akiuliza kama "elfu mia moja na tatu" ni tasa, mwanafunzi atajibu nini?

Wengine watasema: basi tuhesabu kwa Kifaransa, ambacho hutenganisha "cent trois mille" na "cent mille trois". Ndivyo tunavyofanya tayari sokoni na darasani. Nakataa. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Katiba yetu. Lugha ya taifa isiyoweza kuandika kiasi cha deni bila utata inawaacha watu wake mikononi mwa mkalimani. Faranga 103.000 si faranga 1.103.

Dawa ipo ndani ya Kiswahili chenyewe. Watu wa pwani walipokea "laki" kutoka India, nayo ni 100.000. "Laki moja na tatu" ni 100.003. "Laki moja na elfu tatu" ni 103.000. "Elfu moja, mia moja na tatu" ni 1.103. Utata umekwisha.

Napendekeza walimu wetu waifundishe "laki" tangu mwaka wa kwanza, na jarida hili liwe la kwanza kuitumia. Atakayesema neno hilo ni geni hapa Kongo akumbuke kwamba "elfu" nalo lilitoka kwa Waarabu, na leo hakuna anayeliuliza kwao ni wapi.